Deni kwa Korogwe

Ukitoka Segera kwenda Tanga, kabla hujafika Muheza unapita Hale, mji mdogo wa wilaya ya Korogwe unaojulikana kwa kituo chake cha umeme wa maji ya Mto Pangani. Abiria wengi huuona kwa dakika chache, basi likishusha na kupakia. Lakini kwenye kituo cha afya cha Hale kulifanyika utafiti mmoja ambao kila anayeandika sera za afya angepaswa kuujua, maana ulisema jambo ambalo hakuna aliyependa kulisikia.

Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeshaizoea, na serikali ikachagua SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, zile tembe ambazo mgonjwa akishazimeza mara moja dozi imekwisha. Bei yake ilikuwa nafuu, na haikuwa na ule muwasho wa klorokwini uliowakesha watu wakijikuna. Hale, Samwel Gesase na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, waliwapa dawa hiyo watoto wenye malaria walio chini ya miaka mitano, kisha wakawafuatilia kwa siku 28. Kwa zaidi ya wanane katika kila watoto kumi, vimelea ama havikwisha au vilipotea kisha vikarudi. Vinasaba vya vimelea hivyo vilipochunguzwa, likaonekana badiliko jipya, linaloitwa 581G kwa lugha ya maabara, lililoongeza usugu juu ya usugu uliokuwepo.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kuhamia dawa mseto, tangu mwishoni mwa 2006. Hata hivyo SP haikuwa imestaafu. Wajawazito waliendelea kuimeza kliniki ili kujikinga, na mashirika makubwa ya afya yalikuwa yakifikiria kuwapa watoto wachanga nao, siku wanapoletwa kuchanjwa. Wazo hilo la watoto wachanga lilikuwa limejaribiwa Ifakara, na matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2001, yalikuwa ya kutia moyo sana: malaria ilipungua kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza wa maisha. Nani angekataa kitu kama hicho?

Korogwe na Same ndizo zilizolazimisha dunia kusita. Watoto wachanga zaidi ya 2,400 wa wilaya hizo mbili waliingizwa katika jaribio la aina hiyo hiyo, na SP haikuwakinga hata kidogo. Dawa nyingine, meflokwini, iliwakinga, ila iliwatapisha. Dawa iliyofanya kazi upande mmoja wa Tanzania ilikuwa imeshindwa upande mwingine wa nchi hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2010, liliruhusu SP kwa watoto wachanga kwa sharti kwamba usugu wa eneo husika uwe chini ya kiwango fulani. Bila watoto wa Korogwe na Same, sharti hilo lingekosa uzito, na mamilioni ya tembe zingegawiwa mahali ambapo hazina faida.

Nimeanza na kushindwa kwa dawa kwa makusudi. Tunapozungumza juu ya mtafiti wa afya aliyefika mbali, huwa tunataja uvumbuzi, tuzo na safari za nje. Kazi iliyo ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya yule anayesimama katika nchi yenye bajeti ndogo na kusema kwamba dawa tuliyoinunua haifai. Upande huu wa Tanga una historia ndefu ya watu wa namna hiyo. Miaka ya 1950, katika kijiji cha Mkuzi, Muheza, David Clyde alionyesha kwamba vimelea vilikuwa vimejenga usugu dhidi ya pirimethamini, ambayo ni moja ya dawa mbili za mchanganyiko wa SP. Yaani nusu karne kabla ya Hale, umbali wa safari fupi tu, onyo lilikuwa limeshatolewa.

Kwa nini hapa? Jibu liko katika ardhi yenyewe. Mji wa Korogwe, kwenye kata kama Kilole, Manundu na Majengo, uko tambarare, kwenye joto, karibu na mto na mashamba ya mkonge. Inua macho, unaiona milima ya Usambara. Kusini kuna Handeni, nchi ya Wazigua, iliyo kavu zaidi na yenye vijiji vilivyotawanyika. Mbu anayependa joto hupungua kadiri unavyopanda mlima, na malaria nayo hupungua pamoja naye. Kwa hiyo katika mwendo wa saa chache mtafiti anapata ndani ya eneo moja viwango vya ugonjwa ambavyo mahali pengine angelazimika kuvuka nchi nzima kuvifuata. John Lusingu, daktari wa NIMR ambaye nitarudi kwake, aliitumia ngazi hiyo mapema: mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa vijiji vitatu, Mgome cha bondeni Muheza, na Ubiri na Magamba vya Lushoto, kuonyesha jinsi kinga ya mwili inavyojengeka tofauti kulingana na wingi wa mbu wanaomuuma mtu.

Mwaka huo huo wa 2004 ulitoka utafiti mwingine uliotikisa wodi zetu. Hugh Reyburn na wenzake walifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kutibiwa kama wenye malaria kali. Slaidi za damu zao zilipohakikiwa upya, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea. Wengine wote walikuwa na kitu kingine, pengine nimonia, maambukizi ya damu au homa ya uti wa mgongo. Na hao wasio na vimelea ndio waliokufa kwa uwiano mkubwa zaidi. Kila aliyekulia Tanzania anajua maneno haya ya dirisha la dawa, kwamba ni malaria tu, chukua dawa. Watu walikuwa wanakufa kwa sababu ya hilo neno "tu". Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mgonjwa wa umri wowote apimwe kwanza ndipo apewe dawa ya malaria. Leo kipimo cha haraka kiko hadi kwenye zahanati za Handeni vijijini: tone la damu ya kidole, matone ya maji ya kipimo, kusubiri dakika chache, kisha mistari miwili au mmoja.

Katika hospitali ya Magunga, Korogwe, kulikuwa na swali lingine lililohusu wale wenye malaria kali kweli kweli. Watoto hao walikuwa wakitibiwa kwa kwinini. Anayeijua wodi ya watoto ya miaka ile anaikumbuka dripu ya kwinini: inaingia taratibu kwa saa nyingi, muuguzi akihesabu matone kwa macho, mtoto akiwa hatarini kushukiwa na sukari ya damu katikati ya matibabu. Sindano ya atesunate huchanganywa papo hapo na kuchomwa kwa muda mfupi. Ilikuwa imeshathibitika kwa watu wazima wa Asia, lakini Afrika ilitaka ushahidi wake. Jaribio lililoitwa AQUAMAT lilichukua watoto 5,425 katika vituo 11 vya nchi tisa za Afrika, na viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Tanga, yaani Magunga na Hospitali Teule ya Muheza. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesunate asilimia 8.5. Tofauti hiyo, ukiisoma haraka, inaonekana ndogo. Maana yake ni kwamba katika kila watoto wapatao 40 waliolazwa, mmoja alirudi nyumbani ambaye kwa kwinini asingerudi. Matokeo yalitoka 2010, na mwaka uliofuata mwongozo wa dunia ukabadilishwa kwa watoto wa Afrika. Mama ambaye usiku huu anampeleka mwanawe mwenye degedege hospitali yoyote barani, mtoto akachomwa atesunate, ananufaika na ridhaa iliyotolewa na akina mama wa Korogwe wasiojulikana kwake, tena waliitoa wakati watoto wao wako mahututi.

Hata hivyo ushahidi haujipeleki wenyewe mezani. Kuna kazi ya pili, ya kuubeba, na kwa hiyo kazi simjui Mtanzania aliyeifanya kwa ukamilifu kama Mwelecele Malecela, ambaye wengi walimwita Mwele tu.

Alisomea zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1987 akaajiriwa NIMR katika kituo cha Amani, hapa hapa mkoani Tanga. Masomo yake ya juu aliyafanya London, kwenye chuo maarufu cha afya na magonjwa ya tropiki, hadi shahada ya uzamivu. Ugonjwa alioushika haukuwa malaria. Ulikuwa matende na mabusha, ugonjwa wa minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ambao ukanda wa pwani unaujua vizuri mno na unauonea haya. Mwanaume mwenye busha kubwa huacha kwenda msikitini au kanisani, huacha kilabu, wakati mwingine huacha hata kulala na mkewe. Hauui haraka, kwa hiyo hauna wafadhili wengi. Kuuchagua ugonjwa kama huo mwanzoni mwa maisha ya kazi ni uamuzi unaonifanya nimheshimu sana.

Mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, na yeye ndiye aliyeuongoza. Mwaka 2004 ugawaji wa dawa ulifika mkoa wa Tanga. Mtu aliyewahi kuona siku ya ugawaji kijijini anajua ulivyo wa kawaida. Mgawa dawa ni mwanakijiji mwenzenu, aliyefundishwa siku chache, mwenye daftari la kaya na kijiti kirefu chenye alama. Unasimama, kijiti kinawekwa kando yako, na alama iliyolingana na utosi wako ndiyo inayosema umeze tembe ngapi za ivermektini, moja hadi nne, pamoja na moja ya albendazo. Hakuna mizani wala umeme. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Dawa zenyewe zinatolewa bure na kampuni zinazozitengeneza, lakini kumshawishi mtu mzima asiyejisikia kuumwa ameze dawa kila mwaka kwa miaka mingi, hilo hakuna kampuni inayoweza kulitoa bure. Kuna kijiji kitakachosema ni dawa za kuzuia uzazi. Kuna mzee atakayezipokea na kuzitia mfukoni. Mwele aliyajua hayo kwa kuyaishi, na alisisitiza pia kwamba dawa huzuia maambukizi mapya lakini hazimwondolei mtu busha alilokwisha kulipata, kwa hiyo upasuaji uwe sehemu ya mpango.

Mwaka 2010 akawa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Desemba 2016, siku moja baada ya kutangaza hadharani matokeo ya utafiti juu ya virusi vya Zika nchini, na serikali kusema kwamba ugonjwa huo haupo Tanzania, uteuzi wake ulitenguliwa. Wengine wangeishia hapo. Mwaka 2017 alikwenda Brazzaville, ofisi ya kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, na mwishoni mwa 2018 akateuliwa kuongoza idara ya magonjwa ya tropiki yasiyopewa kipaumbele, makao makuu Geneva. Januari 2021 idara yake ilizindua dira ya miaka kumi ya magonjwa hayo, hadi 2030. Alifariki Geneva tarehe 10 Februari 2022.

Nikiisoma dira ile naona ndani yake mtu aliyeanzia Amani. Inadai mambo ya kawaida ya vijijini: programu zisitembee kila moja peke yake na gari lake, nchi zenyewe zishike usukani, maji safi na usafi wa mazingira vihesabiwe kuwa tiba. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ofisini angeweza kuyaandika pia, lakini asingeyapigania.

Sasa nirudi kwa Lusingu na chanjo, maana hapa ndipo deni letu kwa Korogwe linapoonekana wazi.

Mwaka 2007 Korogwe na Kilifi, Kenya, zilianza kwa pamoja kuijaribu chanjo ya malaria inayoitwa RTS,S kwa watoto wa miezi 5 hadi 17. Lusingu aliongoza upande wa Korogwe. Watoto walikuwa 894. Nusu walipata RTS,S, nusu wakachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Uamuzi huo wa kundi la pili naupenda: mtoto asiyepata chanjo ya majaribio asichomwe maji matupu, aondoke na kinga ya jambo ambalo vijijini ni hatari kweli. Wazazi hawakujua mtoto wao yuko kundi gani, wala waliowapima. Kila homa ilipaswa kufuatiliwa, slaidi ipakwe, ikaushwe, ipakwe rangi, isomwe kwa hadubini na wasomaji zaidi ya mmoja, vimelea vihesabiwe. Kazi hiyo haionekani kwenye picha za sherehe. Fundi wa maabara akikosea kuhesabu, chanjo inaonekana nzuri kuliko ilivyo, au mbaya.

Desemba 2008 matokeo yalichapishwa katika jarida kubwa la tiba la Marekani: katika miezi takriban minane ya ufuatiliaji, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 53. Mwaka 2009 ikaanza awamu ya tatu, watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, Korogwe ikiwemo pamoja na Bagamoyo. Picha kamili ilipotoka 2015 ilikuwa ya wastani zaidi. Kwa watoto wakubwa kidogo waliopata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika takriban miaka minne. Kwa wachanga ilikuwa kidogo zaidi, na kinga ilififia kadiri muda ulivyopita.

Wakati huo huo Korogwe yenyewe ilikuwa inabadilika chini ya miguu ya watafiti. Katika kijiji cha bondeni cha Mkokola, waliokutwa na vimelea walishuka kutoka asilimia 78 mwaka 2003 hadi 13 mwaka 2008. Kwamasimba, kilicho juu zaidi, walishuka kutoka 25 hadi 3. Bruno Mmbando na wenzake ndio walioziweka hesabu hizo wazi. Vyandarua vyenye dawa na tiba bora vilichangia. Kwa takwimu za jaribio, kupungua kwa ugonjwa ni usumbufu, kwa sababu matukio ya kulinganisha yanakuwa machache. Kwa wakazi ni furaha tupu. Mtafiti mwema anazipokea habari zote mbili bila kuficha hata moja, na Korogwe zilitangazwa.

Baada ya 2015 yalifuata maswali ya usalama, ambayo yalistahili kuulizwa, na Shirika la Afya Duniani likataka utekelezaji wa majaribio katika nchi tatu. Zikachaguliwa Ghana, Kenya na Malawi, na chanjo ikaanza kutolewa huko 2019. Tanzania, iliyotoa vituo viwili vya awamu ya tatu, haikuwamo. Tarehe 6 Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa kwa watoto wa Afrika wanaoishi penye malaria ya wastani hadi nyingi. Piga hesabu. Mtoto aliyechomwa Korogwe mwaka 2007 akiwa na umri wa mwaka mmoja alikuwa na miaka 15 dunia ilipokubali. Wadogo zake wengi walikuwa wamepita umri wa kuchanjwa.

Simlaumu mtu mmoja kwa miaka hiyo. Sayansi ya chanjo haiharakishwi kwa watoto wenye afya. Ninachodai ni kwamba miaka hiyo ihesabiwe kama mchango wa Korogwe, kama vile fedha za wafadhili zinavyohesabiwa. Katika taarifa za kimataifa mfadhili anatajwa ukurasa wa kwanza kwa jina na kiasi. Wilaya inatajwa kama "eneo la utafiti". Na hata ndani ya utafiti wenyewe kuna tabaka. Daktari mwenye shahada ya uzamivu hupata mradi mwingine. Muuguzi aliyefundishwa kupima mimba kwa utrasaundi, kama walivyofundishwa wale wa Korogwe katika utafiti wa wajawazito karibu 1,000 kati ya 2008 na 2010, mkataba wake unaisha siku mradi unapoisha. Utafiti ule wa wajawazito ulituambia, kupitia kazi ya Daniel Minja na wenzake, kwamba mama aliyeambukizwa vimelea vyenye lile badiliko la 581G huzaa mtoto mwepesi kwa zaidi ya gramu 300 kuliko wa mama aliyeambukizwa vimelea vyenye mabadiliko machache. Badiliko lilianza kuonekana Hale kwenye damu ya watoto, likaja kuonekana tena kwenye mizani ya wodi ya wazazi. Lisingeunganishwa hivyo kama watu wale wale wasingebaki mahali pale pale.

Kubaki huko ndiko kunakopaswa kulipiwa, na kulipiwa na sisi. Bajeti ya utafiti wa afya nchini imeegemea mno fedha za nje, na fedha za nje hufuata swali la mwenye nazo. Wataalamu wa maabara wa Korogwe, wagawa dawa wa Handeni na wasomaji wa slaidi wanahitaji ajira ya serikali yenye pensheni, si mikataba ya miaka miwili. Vijiji vilivyotoa damu vina haki ya kurudishiwa matokeo kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla hayajasomwa kwenye ukumbi wa hoteli. Na nchi yoyote itakayopewa nafasi ya kuanza na chanjo mpya au dawa mpya iulizwe kwanza kama watoto wake ndio waliozijaribu.

Maombi haya yanaweza kupelekwa kesho asubuhi Dodoma, kwenye Wizara ya Afya, na hayahitaji utafiti mwingine wowote.